Kuku wa Kuombea Radhi

Habari hii kanisimulia mjukuu wangu Evodia, mwezi wa tisa mwaka jana, wiki ile aliyorudi kutoka Italia. Tulikuwa uani kwangu hapa Shume tunachambua maharage, mimi, yeye na jirani yangu Hadija. Haikuisha siku moja. Ilikwenda na maharage: tukichoka anaacha, kesho yake anaendelea pale alipoishia, na Hadija anamkumbusha.

Evodia ni mtoto wa mwanangu Sefania. Anasoma kilimo chuo kikuu, na chuo chake kina urafiki na chuo kimoja cha huko, wanabadilishana wanafunzi. Wakampeleka yeye kwa mwaka mzima, katika mji unaoitwa Padova. Akapewa chumba hosteli pamoja na msichana wa huko huko, jina lake Kiara, mchangamfu, maneno mengi. Ndiye aliyekuwa rafiki yake mpaka mwisho.

Mimi mtu akitoka safari simuulizi majengo. Namuuliza alikula nini, maana hapo ndipo unajua kama alikaa vizuri au alikuwa anavumilia. Kwa hiyo Evodia safari zake zote alinieleza kwa chakula. Huko Jumamosi na Jumapili hawasomi, wanafunzi wanapanda treni wanakwenda kutembea. Walikwenda Verona, wakala viazi vilivyopondwa vikachanganywa na unga, vikakatwa vitonge vidogo kama vya mtoto.

"Viazi vya Shume tu," Hadija akasema. "Umepanda ndege ukale viazi."

Wakaenda Bologna, wakala tambi pana na mchuzi wa nyama ya kusaga. Wakaenda milimani kwenye theluji, wakapewa mkate mkavu ulioloweshwa, ukafinyangwa mviringo, ukachemshwa ndani ya supu.

"Mkate ukachemshwa?" Hadija akaacha ungo. "Walikuwa wamekosa nini hao watu?"

"Hawajakosa kitu, Bibi Hadija. Ni mtamu."

"Na kitimoto ulikula?"

"Bibi Hadija, wewe chambua maharage."

Alicheka, lakini aliniambia ukweli kwamba wiki zile za mwanzo hakuwa anashiba. Tambi unakula, unainuka, ukifika mlangoni njaa imekutangulia. Alikuwa anaota ugali. Basi Kiara akamchukua Jumamosi moja kwenda kwao, shamba, karibu na mji wa Treviso. Nchi ya tambarare kabisa, anasema, huoni mlima mpaka anga iwe safi, na maji yanachimbuka yenyewe chini kwenye majani. Mama yake Kiara, Loredana, alikuwa jikoni anasonga sufuria kubwa kwa mwiko. Evodia akachungulia. Ulikuwa ugali. Mweupe, wa sembe, unatoa moshi. Wenyewe wanauita polenta. Loredana akaumwaga juu ya ubao, ukatulia, akachukua uzi akaukata vipande.

"Ugali kwa uzi!" Hadija akasema.

Nikamwambia amwache mtoto aseme.

Nyumba ile ni ya baba yake Loredana, babu yake Kiara, Mzee Bepi. Mrefu, mkavu, goti moja bovu. Mke wake alishafariki. Evodia alipopelekwa mbele yake akapiga goti kidogo kumwamkia, kama nilivyomfundisha, na mzee akainama kutazama sakafuni akidhani kuna kitu kimemdondoka. Kiitaliano anakijua lakini anasema lugha ya kwao, kama sisi hapa na Kishambaa, kwa hiyo Evodia alikuwa anaelewa nusu, nusu nyingine anaelezwa na Kiara. Hata hivyo alipendwa. Akawa anakwenda mara kwa mara, na ugali unasongwa kwa ajili yake.

Sasa kuna jambo la Krismasi. Hosteli ile sikukuu inafungwa, wanafunzi wote wanatoka na funguo wanarudisha. Wenzake wageni kila mmoja alikuwa na ndugu au rafiki wa kumpokea. Evodia hakuwa na mtu. Loredana akamwambia, "Utakaa kwetu, chumba cha juu kipo kitupu." Mzee Bepi akatingisha kichwa kukubali. Evodia akanipigia siku hiyo hiyo kunipa habari, nikalala vizuri, maana nilikuwa nawaza mtoto atakwenda wapi na baridi ile.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari ya sakitu, kwa sababu ndiyo iliyoleta shida yote.

Hapa Shume tunalima kabichi, karoti, viazi, saladi. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakuwa kali, na kuna asubuhi unaamka unakuta majani meupe kama yamemwagiwa chumvi. Ndiyo sakitu hiyo. Mboga zimeungua. Jua likishapiga, yale majani ya nje yanalegea yanakuwa meusi, na kuoza kunaingia ndani. Unachotakiwa ni kuwahi. Unakata shina na kisu, mzizi unauacha, unavua majani yaliyoungua, unaokoa moyo, unaupanga njiani usubiri gari. Na siku hiyo watu hawaitwi. Si kama ngemo, ambapo mwenye shamba anaalika watu kulima na yeye anapika. Siku ya sakitu unaingia tu shambani kwa mwenzako na kisu chako, humwombi ruhusa. Tena kama mwenyewe hayupo, au mgonjwa, ndiyo unawahi zaidi. Asiyetokea siku hiyo anakumbukwa. Evodia kakulia humo. Tangu mdogo tulikuwa tunatoka naye, yeye kavaa sweta la baba yake limefika magotini, tunaokoa kabichi za watu.

Basi ikawa mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Mzee Bepi alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, wanamwangalia lile goti, na Jumamosi asubuhi Loredana na Kiara wakaenda kumchukua na gari. Evodia wakamwacha amelala, kahawa iko jikoni. Alipoamka akafungua dirisha. Nje kweupe.

Nyuma ya nyumba kuna shamba la mboga za mzee. Siku zilizopita Evodia aliziona zimesimama, nyekundu na kijani. Leo zimelala chini, majani yamekuwa kama yamepakwa masizi, mengine yanateleza. Akasema, Mungu wangu, mzee anarudi na goti lake aje akute hivi.

Hakunywa hata kahawa. Akachukua kisu cha jikoni, akatafuta makreti ghalani, akaingia. Alianzia mistari ya karibu na nyumba. Anakata, anavua, anatupa mizizi kando, moyo anaupanga. Mioyo yenyewe ilikuwa midogo, lakini akasema afadhali hiki kuliko kukosa. Alikata mpaka mgongo ukakataa, akanyoosha, akaendelea. Anasema alikuwa anaimba. Makreti akayapanga getini, safi, majani yote yanatazama upande mmoja, kama anasubiri Fuso la kwenda Dar.

Gari likaja. Mzee Bepi akashuka na magongo yake. Evodia akaenda mbele yake, mikono tope mpaka kwenye viwiko.

"Bibi, nilikuwa natabasamu," akaniambia. "Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa natabasamu."

Mzee akatazama makreti. Akatazama shamba. Akajikokota mpaka kwenye lundo la mizizi, akainama kwa taabu, akaokota mmoja, akaugeuza, akautia kwenye mfuko wa koti. Akaingia ndani.

Kiara akamshika Evodia mkono. "Evodia, umefanya nini?"

"Nimeokoa mboga za babu. Sakitu imeziunguza."

"Zilikuwa hazijaharibika! Ndivyo zinavyotakiwa ziwe!"

Ndipo akaelezwa. Mboga ile inaitwa radikio, na ile ya kwao pale wanaiacha shambani makusudi mpaka sakitu iipige, tena si mara moja. Majani ya nje yakishaungua ndipo wanaing'oa, lakini wanaing'oa na mzizi wake. Wanaifunga matita, wanaisimamisha kwenye mabwawa ya sementi ndani ya banda lenye giza, miguu kwenye maji yanayotiririka kutoka chini ya ardhi. Inakunywa maji pole pole, na ndani unakuja moyo mpya, mwekundu wenye mshipa mweupe, umejikunja kama vidole. Huo ndio watu wanaougombania Krismasi. Bila mzizi haina cha kunywea. Na mistari ile ya karibu na nyumba ndiyo iliyokuwa ya kwanza, ndiyo ya Krismasi.

"Umezikata miguu," Loredana akamwambia. Hakumkaripia. Alisema tu.

Hadija alikuwa ameacha kazi kabisa. "Subiri. Sakitu wanaitaka?"

"Wanaisubiri, Bibi Hadija. Ikichelewa wanasikitika."

"Basi waje Shume wabebe bure."

Lakini Evodia hakucheka hapo. Chakula cha mchana siku ile mzee hakuja mezani. Evodia alimsikia upande wa pili wa ukuta anaongea na binti yake kwa lugha yao, na katika maneno yote akaelewa moja, Krismasi. Jumapili wakarudi Padova. Loredana akawapeleka stesheni, akawaaga vizuri, ila habari ya chumba cha juu hakuitaja, wala Evodia hakuuliza.

Kwenye treni akamwuliza Kiara, "Babu yako atapoa?"

"Atapoa."

"Lini?"

Kiara akafikiri. "Jirani yetu aliwahi kumkatia tawi la mti wake wa matunda. Mimi nilikuwa bado nanyonya."

"Halafu?"

"Hajamsalimia mpaka leo."

Jioni ile akanipigia. Nilikuwa jikoni. Sauti yake tu nikajua. Akaeleza yote, na mwisho akasema, "Bibi, chumba nimekikosa, lakini kinachoniuma si chumba. Nimeharibu shamba la mtu mzima na mgonjwa, na nyumba yake ndiyo pekee niliyokuwa nayo huku."

Nikamwuliza, "Umeomba radhi?"

"Nimeomba mpaka ulimi umechoka."

"Ulikuwa umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

"Sasa unaombaje radhi mikono mitupu? Mpelekee kuku."

"Bibi! Kuku wa huku hawana vichwa. Wako kwenye nailoni."

"Na kabla ya hiyo nailoni walikuwa wapi? Kuna mahali walikuwa na vichwa. Tafuta."

Nilisema hivyo kwa sababu sikujua lingine. Kwetu mbuzi wako akiingia kwenye maharage ya mtu, unakwenda na kuku kwapani, unasimama mlangoni. Mwenye shamba akimpokea kuku, mnaweza kuzungumza. Asipompokea, unarudi naye, lakini angalau watu wamekuona njiani ukienda. Huko Italia kama wanafanya hivyo au hawafanyi, mimi ningejuaje?

Evodia akauliza darasani mahali wanapouza kuku hai. Wakamcheka. Mmoja akamwuliza kama anataka kupiga ramli. Kiara hakucheka sana, akamwambia katika mji mdogo karibu na kwao Jumamosi kuna gulio, na yupo mzee anauza kuku juu ya gari. Lakini Jumamosi hiyo ndiyo walikuwa wamepanga kwenda Venisi, ule mji uliojengwa juu ya maji. Evodia alikuwa akiutaja tangu hajaondoka hapa. Tiketi tayari.

"Nenda nao tu," Evodia akamwambia Kiara. "Mkila kitu kizuri mnieleze."

Wenzake wakaenda Venisi. Yeye akaenda gulioni, akachagua tembe mwekundu ambaye hajaanza kutaga, wakamtia ndani ya boksi lenye matundu, akapanda basi. Katikati ya safari kuku akaanza. Dereva akatazama kwenye kioo.

"Dada, una nini humo?"

"Kuku."

"Mzima?"

"Mzima."

"Ana tiketi?"

"Hajakalia kiti."

Basi zima likacheka, na mama mmoja akamsaidia kulishika boksi kwenye kona.

Loredana alikuwa kazini. Aliyefungua mlango ni Mzee Bepi mwenyewe. Evodia alikuwa amejifunza maneno ya kusema, njia nzima anayarudia, na pale mlangoni yakamkimbia yote. Akapiga goti, akamtoa kuku kwenye boksi, akamnyoosha mbele kwa mikono miwili.

Mzee akamtazama yeye, akamtazama kuku. Akaegemeza gongo ukutani, akampokea. Akambonyeza kifuani kwa kidole gumba, akapuliza manyoya aone ngozi. Evodia anasema alivyofanya vile akamwona marehemu babu yake kabisa.

"Amekonda," mzee akasema, safari hii kwa Kiitaliano.

Akamtia kuku kwapani.

"Nani kakutuma?"

"Bibi yangu."

"Yeye ana shamba?"

"Analo."

"Limewahi kuharibiwa?"

"Na mbuzi wa watu, kila mwaka."

"Akaletewa kuku?"

"Akaletewa."

"Akawala?"

"Hapana. Kuku wa namna hiyo kwetu hachinjwi haraka. Bibi anasema ukimchinja mapema ni kama ulikuwa na njaa tu."

Mzee akatoa sauti ya puani. Evodia hakujua kama ni kicheko au mafua. Akampeleka kuku ghalani, kwenye banda la zamani lililokuwa limejaa ndoo, maana tangu mke wake afariki hakufuga tena. Akamwambia Evodia atoe ndoo. Kisha akaleta glavu na uma wa kuchimbia, akampa.

"Kisu kiache jikoni," akasema.

Siku hiyo alimkalisha shule. Yeye alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, goti kanyoosha, anaonyesha kwa gongo. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado imesimama, ile ambayo Evodia hakuifikia. Chimba mbali na shina. Inua. Kung'uta, usivute. Mzizi ukikatika anapiga ulimi, tsk, na Evodia anasimama kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakafunga matita, wakayasimamisha bandani kwenye maji.

Basi ikawa kila Jumamosi. Wenzake wanakwenda huku na huku wakirudi wanamwonyesha picha, yeye anarudi kucha nyeusi. Maji yale ukitumbukiza mkono unasikia ya vuguvugu, kwa sababu yanatoka chini. Ukiutoa ndipo upepo unakukata. Aliniambia ilimkumbusha kuosha karoti mtoni mwezi wa saba, isipokuwa huko hakuna mtu wa kupiga naye soga, ni mzee na gongo lake. Kuku anazunguka.

Zile alizozikata hazikutupwa. Kwa wakulima huko wala huku, mboga haitupwi. Zilikuwa zinaliwa kila siku katika nyumba ile. Loredana akazitia kwenye wali, wali ukawa wa zambarau. Akazichoma juu ya makaa na chumvi. Akazitia kwenye tambi. Akazitia kwenye maandazi ya chumvi. Kiara akasema, "Nikiona jani jekundu tena nahama hii nyumba."

Jumapili moja Evodia akaomba jiko. Radikio ni chungu, na uchungu wake ni wa mshunga, mboga yetu ya porini. Akaipika kama tunavyopika mshunga: akaichemsha kidogo, akakamua, akaiunga kwa kitunguu na karanga za kusaga. Akasonga ugali mwenyewe, mgumu, si ule wao wa kulegea.

Mzee Bepi akaonja. Wote wakamtazama.

"Karanga ni chakula cha ndege," akasema.

"Basi usile, baba," Loredana akamwambia.

"Sijasema sili."

Akala, akaparua sahani kwa tonge la mwisho.

Lakini habari ya Krismasi, kimya. Hosteli karibu inafungwa, matangazo yamebandikwa milangoni. Kiara akamwambia, "Muulize tu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Mtu uliyemkosea humwombi mahali pa kulala. Unangoja aseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Atakuwa hajasema."

"Basi nitamuuliza mimi."

"Ukimuuliza, Kiara, nakwenda kulala stesheni."

Kiara akakasirika, wakalala siku hiyo bila kusemezana. Mimi huku nilikuwa nampigia namwuliza, "Bado?" Ananiambia, "Bado, Bibi." Nikawa najilaumu na kuku wangu. Hadija akasema labda ningemwambia apeleke mbuzi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Radikio za majini zilikuwa tayari. Unavua majani yale ya nje yaliyooza, unaendelea kuvua, na katikati unaukuta ule moyo mpya umelala mle, mwekundu, unang'aa. Mzizi unauchonga na kisu unakuwa mweupe kama penseli. Sasa Evodia alikuwa amekabidhiwa kisu. Watu wanakuja na magari yao getini, wananunua, mzee anawapimia. Hazikuwa nyingi kama miaka mingine na kila mtu aliuliza kwa nini. Evodia akainamisha kichwa akingoja atajwe.

"Mwaka huu zimepungua," mzee akawajibu. Basi. Hakuongeza.

Jioni ikakaribia. Evodia akanawa, akavaa koti, akaenda kumuaga.

"Babu, kwaheri. Keshokutwa hosteli wanafunga."

"Wanafunga?"

"Ndiyo."

"Unakwenda wapi?"

"Sijajua bado."

Mzee akaendelea kuchonga mzizi. Akamaliza huo, akachukua mwingine.

"Na huyu kuku nani atakuwa anamfungia jioni? Mimi na goti hili? Loredana anamwogopa."

Loredana alikuwa mlangoni. "Mimi simwogopi. Yeye ndiye hanipendi."

"Unaona," mzee akasema. "Umemleta wewe, utamfungia wewe. Njoo na mizigo yako yote, usije ukasahau kitu halafu Loredana akafuate. Na chumba cha juu kina baridi, leta soksi."

Evodia akasema ahsante kwa Kiswahili, Kiitaliano kilikuwa kimetoroka tena.

Siku ya Krismasi walitoka kanisani wakakaa mezani, na nikataka kila kitu, hatua kwa hatua, naye akasimulia huku Hadija amefumba macho. Kwanza supu yenye tambi ndogo ndogo zilizojazwa nyama, zimefungwa kama vifundo. Kisha nyama za kuchemsha za kila aina, na jogoo aliyehasiwa, mnene, alinunuliwa kwa jirani wa mbali.

"Si kuku wako?" Hadija akafumbua macho.

"Wangu yupo bandani. Alikuwa ameanza kutaga."

Kisha ugali mweupe, ukakatwa kwa uzi, na uzi alipewa Evodia akate. Kisha radikio alizozichimba mwenyewe, zimechomwa, zimemwagiwa mafuta. Kisha keki ya kahawa na maziwa ambayo wanasema imeanzia kwao pale Treviso, na wote mezani wakaanza kubishana imeanzia hoteli gani. Yule jirani wa tawi la mti hakualikwa. Hajaleta kuku.

Dirishani palikuwa na glasi ya maji, na ndani yake ule mzizi aliouokota mzee siku ile akautia mfukoni. Ulikuwa umetoa kijani kidogo juu. Evodia alikuwa anauona kila wiki na hakuwahi kuuliza. Siku ile Kiara akauliza, "Nonno, hicho ni cha nini?" Nonno ni babu.

"Nilitaka kuona tu," mzee akasema.

Baada ya kula hakuna aliyeondoa vyombo. Nje mchana ulikuwa wa kijivu, jiko la kuni linawaka. Kiara alilala wa kwanza kwenye kochi, kabla hajamaliza sentensi. Loredana akakaa akasema anapumzisha miguu, aproni bado kiunoni, kichwa kikaanguka pembeni. Mzee Bepi akawa anawacheka, anasema wanawake wa siku hizi hawawezi kubeba chakula, na hapo hapo kidevu kikamshuka kifuani, goti kanyoosha juu ya kiti kingine.

Evodia akakusanya makombo ya ugali akatoka nje. Huko wakati wa baridi giza linaingia mapema, kwa hiyo akamlisha kuku, akamfungia, akasukuma komeo. Akarudi ndani pole pole asiwaamshe. Akavuta kiti karibu na jiko, akavaa zile soksi, akatoa simu anipigie, anieleze ameshakula na kuku ameshaingia.

Mimi huku nilikuwa nimekaa na simu mapajani nikingoja, nikidhani ni mtandao. Kumbe simu ilikuwa mkononi mwake, jina langu limeshafunguliwa, na yeye tumbo limejaa ugali, joto la jiko linampiga magotini. Akasema afumbe macho kidogo kwanza. Akalala.